Onesmus wa Chupa

Watu wa Voi walimsalimu Onesmus wakiwa mbali. Hakuna aliyemnyima salamu, maana salamu haina gharama, lakini mtu akimwona anatoka upande wa machinjioni na kikapu chake cha chupa, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli ng'ambo ya reli. "Hujambo, Onesmus," sauti ilisema, na mwenye sauti alikuwa amekwisha kumpa kisogo. Onesmus alijibu hivyo hivyo, akaendelea na njia yake.

Alikuwa Mtaita wa Werugha, huko juu milimani kwenye ukungu na migomba. Mrefu, mkimya, shati lake limepigwa pasi hata siku ambayo hakuna wa kulitazama. Alishuka Voi miaka michache baada ya uhuru kutafuta kazi ya reli, akaikosa, akapata nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Gari jeupe lilikuja kutoka Nairobi likiwa na daktari wa maabara, naye alikuwa akitafuta mtu mwenye mkono uliotulia na moyo usioogopa damu. Onesmus alikuwa na vyote viwili. Laiti angekuwa mwoga kidogo, pengine maisha yake yangekuwa na watu zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maabara ile ilikuwa ikifuga chembe hai. Ndiyo, kufuga, kama mtu anavyofuga kuku, ila chembe hizi zilitoka kwenye figo ya mnyama mmoja mdogo wa ng'ambo, jamaa ya panya, na zilikuwa ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Ziliishi ndani ya chupa za kioo, katika joto kama la mwili. Siku za mwanzo zilitumiwa kutengenezea chanjo ya mifugo. Chakula chao kilikuwa mchuzi wa sukari na chumvi na vikorokoro vingine, lakini mchuzi mtupu haukuzitosha, zilinyauka zikafa. Zilitaka yatiwe humo yale maji ya manjano yanayojitenga damu inapoganda. Wataalamu waliyaita seramu. Onesmus aliyaita maji ya damu. Na maji bora kuliko yote yalikuwa ya ndama ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake.

Basi Onesmus alishinda machinjioni, kando ya mji, akingoja. Ng'ombe walitoka kwenye ranchi za nyika, wakachinjwa na Miraj, mtu wa swala tano, aliyeelekeza kila mnyama kibla na kulitaja jina la Mungu. Mara moja moja ng'ombe jike alipopasuliwa alikutwa na mimba ambayo mwenye mali hakuijua. Hapo Miraj alirudi nyuma, akatazama pembeni, na Onesmus akasogea na sindano yake ndefu. Aliitoa damu moyoni mwa ndama, akaitia chupani, akaiacha kivulini itulie bila kuguswa. Ilipokwisha kuganda aliyachota yale maji ya juu taratibu, akayafunga, akayalaza kwenye barafu na kuyapeleka stesheni yapande treni ya Nairobi. Barafu aliinunua kwa Alwi, muuza samaki na soda baridi, mtu wa asili ya pwani na mwenye adabu zake. Alwi alimtengea kopo la peke yake la kuchotea, na kopo hilo lilitundikwa nje ya duka.

Uvumi ulianza siku chupa ilipovunjika pale stesheni. Kikapu kiliteleza mkononi mwa mpagazi, kikaanguka, na maji ya manjano yenye michirizi myekundu yakatambaa kwenye saruji mbele ya abiria wote. Mama mmoja aliuliza ni nini. Onesmus, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kujisaidia, alijibu kwamba ni damu, inapelekwa Nairobi kutengenezewa dawa.

Sasa, kuna mtu wa pwani yote hii asiyemjua mumiani? Ni yule anayedaiwa kuvizia watu, akawanyonya damu, na damu hiyo ikapelekwa mbali kutengenezewa dawa. Watoto hutishiwa naye, na watu wazima hujifanya hawamwamini. Na huyu hapa amesimama mchana kweupe, na sindano, na chupa, na gari jeupe linalomtembelea, na amekiri kwa kinywa chake. Uongo ulikuwa umepanga chumba kimoja na ukweli. Nani angeweza kuutoa? Kabla treni haijafika stesheni inayofuata, Voi nzima ilikuwa imekwisha kukata shauri. Jina la Onesmus wa Chupa lilizaliwa siku hiyo, na hilo ndilo jina la heshima. Lile jingine lilisemwa akishapita.

Angeweza kuyavumilia ya mji. La nyumbani ndilo lililomshinda.

Alikuwa amemwoa Mkamburi, binti wa Mzee Mwandawiro wa Werugha, na siku ya harusi mzee aliwafanyia kutasa. Hii ni desturi ya Wataita ya tangu na tangu. Mtu hupiga funda la mbangara, pombe ya miwa, akalitema kwa kulipuliza hewani, likaanguka kama manyunyu, huku akisema maneno ya heri. Kwa kulitema anaitoa hasira iliyomo moyoni mwake, na panapotoka hasira baraka hupata nafasi ya kukaa. Hata wazee wa kanisa waliokemea pombe Jumapili hawakuikemea kutasa kwa sauti kubwa sana. Sharti lake ni moja tu, na kila mtoto wa Kitaita hulisikia kabla hajaota meno yote: anayetema huku amebakiza kinyongo amewatemea balaa wale anaowapenda.

Manyunyu ya Mzee Mwandawiro yalimwangukia Mkamburi usoni, akacheka. Onesmus aliukumbuka mcheko ule miaka yote.

Mkamburi alishika mimba, ikatoka. Akashika tena, nayo ikatoka ikiwa kubwa, wakati ambapo alikuwa amekwisha kuanza kufuma kofia. Shangazi zake walishuka kutoka milimani kumpa pole, na pole yao ilikuwa na miiba: mwanamume anayechokoa damu ya viumbe ambao hawajazaliwa anatarajia nini nyumbani kwake? Jioni ile Mkamburi alikaa mlangoni akamwambia mumewe jambo ambalo alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Onesmus, ndama wale wana mama."

"Mama zao huwa wamekwisha kuchinjwa," akajibu.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa jibu la kijinga. Mkamburi hakuwa akiuliza habari za ng'ombe. Onesmus aliligundua hilo baadaye, kama wanaume wengi wanavyogundua mambo, mke alipokuwa amekwisha kufunga mzigo. Mkamburi alimsihi aiache kazi ile. Onesmus akaona kwamba akiiacha atakuwa amekubali kuwa ina laana, na ndama hawa wa tumboni, na watoto wao wawili, watakuwa wamefungwa kamba moja milele. Akakataa. Mkamburi akapanda kwao Werugha, na wala hapakuwa na talaka, wala ugomvi. Palikuwa na mlima tu katikati yao.

Kila Krismasi Onesmus alipanda kwa wakwe na sukari na leso. Alipewa kiti nje, chini ya ukingo wa paa, na chakula kwenye sahani yake peke yake. Mkamburi alikuja, akamwamkia akiwa ameinamisha uso, akauliza habari za Voi, akarudi jikoni. Mzee Mwandawiro hakumtukana hata siku moja. Alisema tu, kwa upole wa mtu anayengoja mvua, "Siku utakayoacha, mwanangu, njoo utwambie."

Akarudi Voi. Alipika kimanga, na kimanga hakipikwi cha mtu mmoja. Ukishaponda mihogo na maharagwe unajikuta na sufuria nzima. Alikula kidogo, akabaki akikitazama kilichobaki. Jirani akitokea angemkaribisha, na jirani hakutokea. Wakati mwingine aliwasha redio si kwa kusikiliza bali ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Upweke una njaa yake, na njaa hiyo haishibi ugali.

Kilichomshikilia kilikuwa ni zile chembe. Hakuwahi kuziona. Lakini aliziwaza huko Nairobi ndani ya chupa zao, zikingoja chakula kutoka kwake, na alimwambia Miraj mara moja kwamba kuna viumbe duniani ambavyo bila yeye havili. Miraj akaendelea kunoa kisu chake. Onesmus alikuwa na wazo moja aliloling'ang'ania: siku Mkamburi atakapoziona kwa macho yake, atajua kwamba mumewe hanyonyi, analisha. Wazo hilo ndilo aliloishi nalo.

Miaka ya themanini ilipokolea, maabara ilipata daktari mpya, Kituku, Mkamba mcheshi asiyejua kukaa kimya. Alishuka Voi na habari kubwa. Chembe zimepandishwa cheo, alisema. Kuna watu wanaozaliwa na damu isiyoganda. Mtoto wao akijikata kidogo, au akipashwa tohara, anaweza kutoka damu mpaka afe, kwa sababu mwilini amekosa protini moja tu. Wataalamu wa ng'ambo wamezifundisha chembe kuitengeneza protini hiyo na kuimwaga kwenye mchuzi wao, ichujwe iwe dawa. Maabara yake nayo inajaribu. Shida ni kwamba zinatoa kidogo mno, leo hivi na kesho vile, na wanatafuta njia ya kuzifanya zitoe zaidi. Onesmus alisikiliza kama mtu anayesomewa matokeo ya mwanawe. Kazi yake yote ilikuwa kuingoja damu igande, na kumbe mwisho wake ni kuwagandishia wengine.

Haukupita muda mrefu Daktari Kituku akamwalika Nairobi aje kuona kazi ilikofikia. Onesmus akatuma neno Werugha kupitia kwa Philemon, kaka yake Mkamburi, aliyekuwa akishuka Voi kuuza mboga: mwambie twende wote, tikiti nitakata mimi, aone kwa macho yake. Siku ya safari alisimama stesheni amevaa koti. Treni ilikuja, ikasimama, ikapiga honi. Akapanda peke yake, na kile kiti cha kando akakiwekea kofia.

Maabara ilikuwa safi hata akaona haya kukanyaga. Daktari Kituku alimketisha mbele ya darubini, akamwonyesha jinsi ya kutazama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaziona: vitu vidogo vyenye kung'aa, vya mviringo, vingine vimeshikana, vingine viko mbalimbali, vyote vimetulia. Alitazama mpaka shingo ikamuuma.

Hapo daktari, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi, akamweleza. Seramu ndiyo iliyokuwa ikiwakwamisha. Damu ya ndama huyu si sawa na ya ndama yule, kwa hiyo mavuno yalipanda na kushuka bila mpango. Tena seramu yenyewe imejaa protini za ng'ombe, na kuitafuta protini ya dawa humo ni kama kutafuta punje ya mtama kwenye gunia la mchele. Sasa wamepata chakula kingine kisicho na damu, kila kilichomo kinajulikana, na chembe zimeachishwa seramu kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Hizi anazozitazama hazijaonja maji ya damu kwa miezi. Na zinatoa dawa kuliko zamani, na ni rahisi kuichuja.

Onesmus hakuliondoa jicho kwenye darubini.

"Na zilikubali?"

"Mwanzoni zilikufa nyingi sana, mzee wangu. Zilizobaki zimezoea."

"Zimezoea kukaa bila," Onesmus akasema, na daktari akacheka akidhani ni mzaha.

Walimshukuru. Walimpa chai na keki, wakamwambia kazi yake imefika mwisho kwa heri na mchango wake hautasahauliwa. Hakuwa na hasira nao. Alifurahi, kweli alifurahi, kwamba kuna mtoto mahali fulani atajikata na asife. Lakini njiani, treni ilipokuwa ikikata nyika, alijiuliza yeye sasa ni nani. Kwa miaka yote aliyoitwa mnyonyaji alijiambia kwamba ni mlishaji. Sasa hakuwa hata hilo.

Kesho yake alipita dukani kwa Alwi kumwambia asimwekee barafu tena. Alwi alisita, mkono ukiwa juu ya friji.

"Umeacha?"

"Nimeacha."

Alwi akazunguka kaunta, akatoka nje, akalitungua lile kopo, akalitupa. Kisha akampa mkono. Onesmus alikuwa amesahau jinsi mkono wa mtu ulivyo na joto. Akaushika kupita kiasi, na Alwi, kwa adabu zake, akamwachia aushike.

Siku ile Voi iligeuka. Watu walivuka reli kuja kumsalimu. Miraj alimpelekea mguu wa mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, akaketi, akala naye. Wanawake kisimani walimtania kwamba shati lake linahitaji mke. Onesmus alilewa salamu. Alidhani mji umechoka tu na ujinga wake, kama mtu anavyochoka na nguo. Hakuuliza, maana nani huuliza mvua ya kiangazi imetoka wapi?

Philemon ndiye aliyemfumbua macho. Alishuka na salamu za Mzee Mwandawiro: baba amesikia, amefurahi, panda Jumamosi. Mbangara imekwisha kutengenezwa. Utatema mbele ya wazee, na Mkamburi atarudi nawe. Maneno yenyewe ni machache, Philemon akaeleza kwa wema wote. Utasema kwamba lile ulilokuwa ukiwafanyia watu umeliacha, na kwamba moyoni hakuna lililobaki. Watu wamekwisha kusamehe, shemeji. Mtu kuacha mwenyewe bila kukamatwa ni jambo kubwa.

Onesmus alikaa na maneno hayo baada ya Philemon kuondoka. Kila mkono alioshikwa wiki ile, kila kicheko, ule mguu wa mbuzi, vyote vilikuwa msamaha. Walikuwa wakimsamehe umumiani. Akaona aibu mpaka masikio yakamchoma, na chini ya aibu akakuta kitu ambacho hakujua kwamba anacho: hasira ya miaka yote ile, iko vilevile, imeganda.

Jumamosi alipanda. Si kwamba alikuwa amekata shauri. Alikuwa amechoka kula peke yake, ndiyo kweli yenyewe. Funda moja, maneno machache, na sufuria ya kimanga ingepata mlaji wa pili. Watu wameuza ukweli wao kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Wazee walikuwa wameketi uani, na safari hii kiti chake kiliwekwa kati yao. Mkamburi alisimama mlangoni mwa jiko, nywele zake zimeanza kuingia mvi, mzigo wake umefungwa uko miguuni. Mzee Mwandawiro alipiga funda, akalipuliza, manyunyu yakaangukia mchangani. Akasema kwamba hasira aliyokuwa nayo juu ya mume wa mwanawe imetoka leo, na nyumba yao ipoe. Alisema kwa moyo safi. Hapakuwa na hila. Kisha akampa Onesmus kibuyu.

Onesmus akapiga funda. Mbangara ilikuwa tamu na kali, ikamjaa mashavuni. Wazee walingoja. Alimtazama Mkamburi, akayakumbuka manyunyu ya harusi na ule mcheko, akalikumbuka na sharti. Moyoni mwake hasira ilikuwa imejaa tele, na hatia haikuwamo. Kama angetema, angemtemea nani?

Akameza.

Wote walisikia akimeza. Mzee Mwandawiro akamwambia polepole, kama anayemkumbusha mgeni, "Mwanangu, hutemwa."

"Najua, baba. Sina cha kutema. Sikumnyonya mtu, na hasira ninayo bado. Siwezi kumtemea mwanao uongo."

Akakiweka kibuyu chini kwa mikono miwili, akawaaga kila mmoja, akashuka. Hakuna aliyemzuia.

Voi ikajua kabla hajafika. Salamu zikarudi zilikokuwa, mbali. Alwi akatafuta kopo jingine, ingawa Onesmus hakuwa akinunua barafu tena. Labda alilitaka liwepo tu. Onesmus alipanda mihogo nyuma ya nyumba na kuisubiri. Hakujuta, lakini kutojuta si kitu cha kuketi nacho mezani. Kulikuwa na siku alilala mchana ili siku iishe.

Mihogo ilikuwa imeanza kushika mizizi aliposikia hodi. Alidhani ni redio. Hodi ikaja tena, na alipofungua alimkuta Mkamburi amesimama na mzigo wake kichwani, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini, hakuletwa na mtu. Onesmus hakumpokea mzigo. Alisimama tu, kama mtu aliyesahau mlango unatumiwaje.

Mkamburi akautua mwenyewe.

"Nilikuona ulipomeza," akasema. "Mwongo angetema."

Kisha akapita ndani, akaitazama sufuria jikoni, akauliza kwa nini amepika chakula kingi hivi.